Damu si Kwao

Karatasi ya majibu katika zahanati nyingi za Manzese, Mabibo na Sinza haizidi kiganja cha mkono. Juu imeandikwa malaria, mbele yake "hakuna". Chini kuna mkojo na idadi ya seli za usaha. Katikati, kwa mwandiko wa haraka, Widal 1:160. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa anaipokea, anaigeuza huku na huku, anairudisha mezani. "Mama, mtoto ana taifodi kidogo," anaambiwa. Anashukuru. Taifodi kidogo ni taifodi gani? Hakuna anayeuliza, maana karibu kila mtu Dar es Salaam ameshaambiwa anayo, na bei ya sindano za siku tano anaijua.

Kipimo hicho ni kikongwe. Fernand Widal alikitangaza Paris mwaka 1896, Dar es Salaam ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Unachukua seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, unayachanganya na bakteria waliokwisha kuuawa, kisha unatazama kama watashikamana. Wakishikamana, kuna kingamwili. Lakini kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, na nyingine huwakamata hata ndugu wa mbali wa bakteria wa taifodi. Watafiti waliokijaribu kwa watoto waliolazwa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, walichapisha matokeo yao mwaka 2010: kati ya kila watoto 100 waliopata jibu la "ndiyo", ni 26 tu waliokuwa na taifodi kweli. Karatasi ile, basi, inasoma kumbukumbu za mwili. Nani yumo damuni leo, haisemi.

Anayetaka kumjua aliyemo lazima aoteshe damu: achukue mililita chache kwa usafi mkubwa, azitie kwenye chupa yenye mchuzi wa virutubisho, aiweke kwenye joto, asubiri siku mbili, tatu, pengine tano. Siwalaumu watu wa maabara za mtaani kwa kutofanya hivyo. Mashine ni ghali, chupa ni ghali, mtoto hana siku tano za kusubiri, na umeme hukatika hata kwetu sisi majirani wa mitambo ya gesi ya Ubungo. Tena hata huko wanakootesha, katika hospitali za Muhimbili mjini au Mloganzila iliyo ndani ya manispaa yetu, chupa ikikubali hutoa jina: salmonela, klebsiela, stafilokoki. Jina ni kubwa, linaokoa maisha. Ila limeacha kunitosha. Ninachotaka kujua ni jinsi kiumbe aliyezaliwa utumboni anavyoweza kuamka ndani ya damu na kuendelea kuishi.

Damu si kwao. Ukiitazama kwa juu utadhani bakteria wangeifurahia: ina sukari, ina chumvi, ina joto la nyuzi 37 usiku na mchana. Kumbe humo kuna protini zaidi ya 30 zinazofanya kazi kwa pamoja, ziitwazo komplementi, ambazo zikimnasa bakteria humtoboa ukuta mpaka anapasuka. Kuna kingamwili zinazomwekea alama. Kuna seli nyeupe zinazommeza na kummwagia sumu. Wengi wanaoingia, kwa mfano kila tunapopiga mswaki fizi zikachubuka, hufutwa kabla hatujahisi lolote. Hata mtoto aliye mahututi kwa bakteria, ukichota mililita moja ya damu yake mara nyingi humkuti hata bakteria kumi. Vimelea vya malaria huhesabika kwa maelfu katika tone moja chini ya hadubini, na ndiyo maana watu wetu wanaweza kutaja "wadudu wawili, wadudu watatu". Hawa wa homa nyingine hawaonekani kwa njia hiyo. Wanaua wakiwa wachache mno, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba idadi haitufikishi mbali. Tuwaulize wanafanya nini.

Salmonela ana jeni kama 4,500. Hazisomwi zote kwa wakati mmoja, kwa sababu kusoma jeni na kutengeneza protini yake ni gharama, na bakteria hana akiba ya kuchezea. François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur walilionyesha hilo mwaka 1961 kwa bakteria wa utumboni: kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hakitengenezwi mpaka sukari yenyewe ifike, kwa kuwa kuna protini iliyokalia DNA na kuzuia jeni ile isisomwe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na mwenzao André Lwoff.

Miaka ile stendi ya mabasi ya mikoani ilipokuwa hapa Ubungo, kabla ya kuhamia Mbezi Luis mwaka 2021, ungemtambua mgeni wa jiji dakika anayoshuka. Basi halijasimama vizuri, pochi imeshatoka mfuko wa nyuma ikaingia wa mbele, begi limehamia kifuani, na salamu zimekuwa fupi. Hakununua kitu njiani. Alichotoka nacho nyumbani ndicho alichonacho, kimepangwa upya tu kwa kuwa mahali pamebadilika. Bakteria anayeingia damuni hufanya jambo la namna hiyo, kwa kasi inayotisha. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambamo waliwatia streptokoki, wale wa koo, katika damu ya binadamu, kisha wakasoma RNA zao, yaani nakala za jeni zinazosomwa, kila baada ya muda mfupi kuanzia nusu saa ya kwanza. Karibu robo tatu ya jeni zote zilikuwa zimebadilisha kiwango cha kusomwa. Kiumbe ni yuleyule, DNA ni ileile, lakini anayetazama protini zake angeapa kwamba ameletewa mwingine.

Nini kinachompa habari kwamba amefika? Joto ni dalili mojawapo, uchache wa magnesi ni nyingine, uchachu wa chumba alimofungiwa ndani ya seli nyeupe ni nyingine. Kwangu mimi dalili yenye kisa kirefu zaidi ni chuma.

Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne za chuma mwilini, na theluthi mbili yake iko kwenye hemoglobini. Damu ni nyekundu kwa ajili hiyo. Kwa bakteria, hata hivyo, mto huu mwekundu ni jangwa: chuma cha hemoglobini kimefungiwa ndani ya seli, na kile kidogo kinachosafiri nje ya seli hushikwa na protini iitwayo transferini, kwa nguvu kiasi kwamba chuma huru karibu hakipo. Ndani ya salmonela kuna protini iitwayo Fur, ambayo ikiwa imebeba chuma hukaa juu ya DNA na kuzuia jeni nyingi zisisomwe. Chuma kikiadimika, Fur huachia. Jeni zilizokuwa kimya husomwa, na bakteria huanza kutema molekuli ndogo zinazoweza kumnyang'anya mwenyeji chuma chake. Mwili nao una jibu, protini ya lipokalini inayozidaka molekuli hizo njiani. Salmonela ana jibu la jibu: huzibandika sukari molekuli zake, lipokalini ikashindwa kuzishika. Stafilokoki yeye haombi makombo. Akikosa chuma husoma jeni za kukamata hemoglobini yenyewe iliyomwagika, na hemoglobini ya binadamu huishika vizuri kuliko ya panya. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwita mvamizi wa bahati mbaya. Anatufahamu.

Mapambano haya ya chuma yana ukurasa wake Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, timu iliyoongozwa na Sunil Sazawal ilianza kuwapa watoto wadogo wa kisiwa kile vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila siku, wakilinganishwa na wenzao wasiopewa. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa wazi: watoto wa pwani wanapungukiwa damu, chuma huongeza damu. Mtu yeyote aliyewahi kununua juisi ya rozela kwa ajili ya mjamzito anaielewa hoja hiyo. Watoto 24,076 waliingizwa katika utafiti. Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Malaria ilikuwa na mkono mkubwa katika hilo. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambamo malaria ilitibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Mwili wa mtoto mwenye homa huficha chuma chake kwa makusudi, na ni vigumu kusoma habari za Pemba bila kujiuliza ni mara ngapi sisi, kwa upendo, tumekifichua.

Malaria ina ubaya mwingine ambao hauandikwi kwenye karatasi ya zahanati. Ikipasua seli nyekundu, hemu, ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma, humwagika. Mwili hujikinga na ukali wa hemu kwa kuamsha kimeng'enya maalumu cha kuivunja, na majaribio kwa panya yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha gharama ya kinga hiyo: seli nyeupe zinazozalishwa wakati huo hupungukiwa na sumu ya kuwaulia salmonela. Zinammeza, zinashindwa kummaliza. Huko Muheza, George Mtove na wenzake waliona malaria ikipungua miongoni mwa watoto waliolazwa, na salmonela wa damuni wakapungua nayo. Hakuna aliyekuwa akiwawinda salmonela. Walifukuzwa na chandarua.

Salmonela ninayemsema hapa si wa taifodi. Huyu ni Typhimurium, ambaye Ulaya hujulikana kwa kuharisha siku chache baada ya kula mayai au kuku asiyeiva, basi. Afrika kusini mwa Sahara huingia damuni, mara nyingi bila kuharisha kokote, akawa homa isiyo na sura. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, wenye malaria, wenye utapiamlo, na watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa makadirio ya mwaka 2017, zaidi ya watu 500,000 duniani waliugua kwa salmonela wasio wa taifodi walioingia damuni, wengi wao barani humu. Sasa linganisha na kipindupindu. Kilipolipuka Agosti 2015 Kinondoni, wakati Ubungo ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo, kila mtu alijua: kambi zilifunguliwa, wauza matunda yaliyokatwa wakafukuzwa barabarani. Kimelea cha kipindupindu hubaki utumboni na kuua kwa kukausha maji ya mwili, hadharani. Hawa wa damuni huua mtoto mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina la ugonjwa mwingine, na hawajawahi kufungiwa soko.

Mwaka 2004, katika damu ya mtoto mmoja wa Blantyre, Malawi, walipatikana Typhimurium waliopewa namba D23580. DNA yao yote iliposomwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2009, ilijulikana kwamba wao na wenzao wengi waliotoka Malawi na Kenya ni ukoo mmoja, ukaitwa ST313. Jeni zao kadhaa zimeharibika, na baadhi ni zile za kustawi utumboni na kuhimili maisha ya nje ya mwili. Wanafanana katika hilo na salmonela wa taifodi, aliyekwisha kumchagua binadamu zamani sana. Uchunguzi wa Samuel Kariuki na wenzake nchini Kenya ulikuwa umeshadokeza jambo hilohilo kutoka upande wa nyumbani: walipopima familia za watoto wagonjwa, salmonela waliofanana na wa mtoto walipatikana zaidi kwa ndugu zake kuliko kwa mifugo. Ukishakaa nyumba ya kupanga ya Manzese, vyumba sita choo kimoja, Mto Ng'ombe ukipita nyuma na kufurika masika, huhitaji kuku ili kueleza lolote.

Lakini kilichonikalisha macho ni kazi ya Disa Hammarlöf, Jay Hinton na wenzao, ya mwaka 2018. Walilinganisha DNA na RNA za ukoo huu na za Typhimurium wa kawaida. Wote wana jeni iitwayo pgtE, inayotengeneza mkasi wa protini unaokaa juu ya ukuta wa bakteria. Kwa Typhimurium wa kawaida jeni hiyo husomwa kidogo. Kwa D23580 husomwa kwa wingi, na mkasi unakata sehemu mojawapo ya komplementi kabla haijamtoboa mwenye nao. Tofauti haimo ndani ya jeni. Imo kabla yake, mahali ambapo chombo cha kusomea hutua: herufi moja ya DNA, palipokuwa na C pana T. Watafiti walipoirudisha ile C, bakteria wakapungukiwa uwezo wa kustahimili seramu ya binadamu.

Herufi moja kati ya takriban milioni tano, na haibadilishi umbo la silaha hata kidogo. Inabadilisha ni lini itolewe alani. Nilizoea kufikiri kwamba hatari ya kiumbe imo katika alichonacho, na nadhani wengi wetu tumefundishwa hivyo: tafuta sumu, tafuta jeni ya sumu. Hapa wawili wana mkasi uleule, mmoja anaharisha watu Liverpool na mwingine anazika watoto Blantyre, na kinachowatenganisha kwa sehemu kubwa ni mazoea ya kusoma.

Sehemu, nasema, maana dawa nazo zina sura yao katika kisa. Tawi la ST313 lililoenea zaidi lilibeba usugu dhidi ya kloramfenikoli, dawa iliyokuwa tegemeo la hospitali zetu, na likaliondoa lile lililotangulia. Muhimbili wana kumbukumbu ya gharama hiyo. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, Bjørn Blomberg wa Bergen pamoja na Karim Manji, Willy Urassa na wenzao walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa pale wakiwa na dalili za maambukizi makali. Karibu mmoja kati ya kila saba alikutwa na vimelea katika damu iliyooteshwa, na zaidi ya theluthi ya hao walifariki. Waliokuwa na bakteria wa jamii ya salmonela, klebsiela na wenzao wenye ukuta wa namna hiyo, walikufa kwa asilimia 43.5. Wa malaria, asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria alikwisha kuizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Namba hizo zina zaidi ya miaka ishirini na bado sijaona mtaani kwetu dalili kwamba homa isiyo malaria inaogopwa kuliko malaria.

Na chupa ile ya kuoteshea ina kejeli yake. Mchuzi wake umejaa chakula, na ndani yake huwekwa kemikali inayozuia damu isigande na kuituliza komplementi. Hakuna njaa ya chuma, hakuna anayetoboa. Bakteria akiwa humo hana sababu ya kuendelea kusoma alichokuwa akisoma ndani ya mtoto. Tunampima dawa akiwa katika raha hiyo, tunaandika "inafaa" au "haifai", na mara nyingi tunapatia. Pale tunapokosea ndipo maabara inapohitaji swali la pili, la anavyoishi, na swali hilo linagharimu kuliko kipimo chochote ambacho wizara inaweza kukinunulia kila kituo cha afya Ubungo. Silioni likifika zahanati karibuni, na sidhani ndiko linakopaswa kuanzia.

Lianzie kwenye chanjo. Kuna kitu kimoja ambacho salmonela hawezi kukizima akiwa damuni: lile koti la minyororo mirefu ya sukari linalofunika ukuta wake. Akiwa nalo, komplementi hushindwa kumfikia kwa karibu. Akilivua, anapasuka. Kingamwili zinazolitambua koti hilo humfichua, na utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wakubwa kidogo huwa na kingamwili za kumuua salmonela, wakati walio chini ya miaka miwili wengi hawana. Chanjo zinazolenga koti hilo zimeshaanza kujaribiwa kwa watu wazima, Oxford miongoni mwa mahali pa kwanza. Ikifaulu mojawapo, kazi itakayobaki ni ya kalenda. Kinga aliyopewa na mama huisha ndani ya miezi michache, yake mwenyewe huchelewa, na katikati ya hizo mbili ndipo homa hizi zinapochukua watoto. Kliniki zetu hukutana na mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha humwona tena mwezi wa 9 kwa ajili ya surua. Mwezi wa 9 umechelewa. Dozi italazimika kubanana na nyingine katika zile ziara tatu za mwanzo, wakati mama bado anahudhuria bila kukosa.